Shule Isiyo na Lango: Tuwajue Walio Ndani Kabla ya Kusoma Alama



Mwezi uliopita, siku ya Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, alitujia barazani mama mmoja wa mtaani kwetu. Ametuzidi umri kwa miaka kumi na zaidi, nasi twamjua tangu tulipokuwa watoto wa chuoni tukibeba mbao zetu. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, lakini hakutaka kahawa wala maji. Alitoa simu mkobani, akatuwekea mkononi. Akasema: “Maalim, nisomee hapa. Hii ni shule nzuri au ni shule mbaya? Mwanangu atapiga simu Jumapili ya wiki ijayo, na jibu lake alitaka kwangu.”

Mwanawe yuko Columbus, katika jimbo la Ohio huko Marekani, pamoja na mkewe na watoto watatu. Mji huo una mojawapo ya jamii kubwa kabisa za Wasomali nchini humo, na watu wa pwani yetu nao wamo, mmoja mmoja. Mjukuu mkubwa ni msichana wa miaka 14. Mara mbili amevutwa mtandio wake ukumbini shuleni, na mara ya pili mwalimu aliona, akasema ni mchezo wa watoto. Tangu siku hiyo msichana huamka na maumivu ya tumbo kila asubuhi ya shule, nayo Jumamosi hayapo. Babake akaona tangazo la shule ya serikali isiyo na jengo, ambayo mtoto husoma akiwa nyumbani kwa kompyuta, bila karo. Mama mtu alipopinga, kijana alimtumia ripoti ya matokeo ya shule hiyo ili amridhishe. Ndiyo iliyokuwa ndani ya simu.

Twakiri kwamba moyo wetu ulitangulia kusema ndiyo. Msichana wa Kiislamu anadhalilishwa kwa ajili ya stara yake, na nyumba ya babake ipo: mtu atafikiri nini zaidi? Lakini tulipoitazama ripoti tulikuta safu za tarakimu, majina ya makundi ya watu tusiyoyafahamu, na mahali pengi palipotakiwa pawe na namba pana kinyota kidogo tu. Tuliona haya kujibu jambo tusilolijua. Tukamwomba mama wiki moja. Haya tuyaandikayo ndiyo tuliyojifunza katika wiki hiyo, nasi twaona yawafaa hata wasio na jamaa ng'ambo, kwani matangazo ya masomo ya mtandaoni sasa yaingia katika simu zetu hapa hapa.

Shule ya umma bila jengo

Kwanza tufahamu kitu chenyewe. Shule ya umma ya mtandaoni ni shule inayolipiwa na kodi za wananchi kama shule nyingine yoyote ya serikali. Mzazi halipi karo. Mtoto hupelekewa kompyuta nyumbani au hutumia ya kwao, huingia masomoni kwa intaneti, hufanya kazi zake, na mwisho wa mwaka hufanya mtihani ule ule wa jimbo wanaofanya wenzake wa madarasani. Siku za mtihani ndipo shule huonekana kwa macho: hukodi ukumbi wa hoteli au chumba cha maktaba, na watoto waliokuwa majina tu kwenye kioo hukutana, pengine kwa mara ya kwanza.

Zipo za aina mbalimbali. Jimbo la Florida lilianzisha Florida Virtual School mwaka 1997, nayo ikawa mfano kwa wengi. Sharti lake moja latupendeza: hulipwa na serikali mwanafunzi anapolimaliza somo, wala si kwa kuandikishwa tu. Tena mtoto aweza kubaki katika shule yake ya kawaida akachukua somo moja au mawili kwa mtandao. Nyingine ni za mkataba, yaani serikali hulipa kwa kila kichwa, na uendeshaji huwa mikononi mwa bodi binafsi ambayo mara nyingi huajiri kampuni ya biashara. Nyingine ni ndogo, za wilaya moja, zenye watoto wasiozidi mia. Hiyo ya mjukuu wa mama yetu ilikuwa ya namna hii ya mwisho.

Nani wamo humo?

Ripoti za shule za Marekani hazianzi na alama. Huanza na watu: wangapi ni wavulana na wangapi wasichana, wangapi wa rangi gani, wangapi maskini, wangapi wenye ulemavu, wangapi bado wajifunza Kiingereza. Sheria ya mwaka 2001, na ile iliyoirithi mwaka 2015, zilizilazimisha shule kutoa matokeo ya kila kundi peke yake, ili shule isijifiche nyuma ya wastani wake. Zamani shule ingeweza kujisifu kwa watoto wa wenye nacho, huku watoto wa maskini wakifeli bila kuonekana. Kusudio hilo ni la haki, na sisi tunaopenda kusikia “wastani wa shule yetu umepanda” twapaswa kuliiga.

Lakini makundi yenyewe yana mambo. Katika madaftari ya serikali ya Marekani, mtoto mwenye asili ya Kiarabu huandikwa mweupe, na mtoto wa Kisomali huandikwa mweusi. Ni mwaka 2024 tu ndipo serikali kuu ilipoamua kuongeza kundi la watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, na mabadiliko hayo yachukua muda kufika madaftarini. Basi wachukueni watoto wawili wa kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, mmoja asili yake Hadhramaut na mwingine Mbajuni wa Faza, waliosoma chuo kimoja na kula sinia moja. Wakifika Ohio wataandikwa katika safu mbili tofauti, nayo dini yao haitaandikwa popote. Mzazi anayetafuta katika ripoti hiyo kujua watoto wa Kiislamu wanaendeleaje hatapata kitu.

Umaskini nao hupimwa kwa njia tusiyoitarajia. Kwa miaka mingi kipimo kimekuwa chakula cha mchana: mtoto ambaye kipato cha wazazi wake kinamstahilisha kula bure au kwa bei nafuu shuleni, huyo huhesabiwa maskini. Sasa shule isiyo na jengo haina jiko. Mzazi hana sababu ya kujaza fomu ya chakula ambacho hakitapikwa. Kwa hiyo shule ya mtandaoni yaweza kuonekana kana kwamba haina maskini wengi, kumbe maskini wamo, ila hapana aliyewauliza. Mtu akiisoma safu hiyo bila kulijua hili, atatoka na picha isiyo sahihi.

Wala ripoti haisemi kwa nini mtoto aliondoka shule ya kwanza. Hapa ndipo penye kiini cha habari. Hukimbiliwa na mgonjwa asiyeweza kukaa darasani. Hukimbiliwa na msichana aliyepata mimba, na kijana anayefanya kazi usiku ili ndugu zake wale. Humo yumo mwanamichezo anayesafiri kila wiki, yumo aliyefeli masomo mengi akabaki nyuma ya wenzake, na yumo aliyeonewa. Hawa wote hawafanani, wala dawa yao si moja. Lakini katika ripoti wote ni wanafunzi wa darasa la nane.

Kwamba wamo walioonewa, hilo si la kutilia shaka. Taasisi moja ya utafiti ya Waislamu wa Marekani, Institute for Social Policy and Understanding, iliwauliza wazazi mwaka 2017. Asilimia 42 ya Waislamu wenye watoto shuleni walisema mtoto wao ameonewa kwa sababu ya dini yake, na katika tukio moja kati ya manne mhusika alikuwa mwalimu au mkubwa mwingine wa shule. Kwa hiyo mjukuu wa mama yetu hana deko. Aliyokutana nayo yanajulikana.

Kinyota na udogo wa shule

Sasa twarudi kwenye vile vinyota. Tulidhani ni siri ya kuficha aibu. Kumbe sivyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 hulinda kumbukumbu za mwanafunzi zisitangazwe. Shule ikiwa na wasichana wawili tu wenye ulemavu katika darasa la nane, na ripoti ikasema kundi hilo limefeli lote, kila jirani atajua ni akina nani waliofeli. Kwa hiyo kundi likiwa dogo kuliko kiwango fulani, na mara nyingi kiwango hicho ni watu 10, namba hufutwa na kinyota huwekwa mahali pake. Ni stara kwa mtoto, na jambo zuri. Lakini kwa mzazi anayeichunguza shule ndogo, stara hiyo hufunika karibu yote anayoyataka.

Na hata penye namba, udogo una hila zake. Chukua mfano wetu wenyewe: watoto 10 wamefanya mtihani wa hisabati. Kila mtoto hapo ni asilimia 10 nzima. Mwaka huu wamefaulu 6, shule imepata asilimia 60. Mwaka ujao mmoja ameugua siku ya mtihani, na mwingine amejiunga wiki tatu tu kabla, akiwa na mapengo aliyotoka nayo shule nyingine, wamefaulu 4. Ripoti itasema shule imeanguka kwa alama 20, na wazazi watahamaki. Mwalimu ni yule yule, na somo ni lile lile. Katika shule ya watoto 1,000 wawili hao wasingeonekana kabisa. Kwa hiyo shule ndogo haihukumiwi kwa mwaka mmoja, iwe umepanda au umeshuka. Yataka miaka mitatu au minne iwekwe pamoja, ndipo mtu atambue njia inaelekea wapi.

Lipo na jambo la wahamiaji. Huko, kiwango cha kuhitimu shule ya sekondari huhesabiwa kwa miaka minne, na mwanafunzi akihama huhesabiwa na shule aliyohamia. Shule ya mtandaoni ikimpokea kijana wa miaka 17 ambaye masomo aliyokamilisha ni ya mwaka mmoja tu, asipohitimu kwa wakati aibu ni ya shule hiyo, ingawa muda mwingi ulipotea kwingine. Haki ni kulisema hili kabla ya kulaumu.

Alama zasemaje?

Baada ya udhuru huo wote, mtu atauliza: je, shule hizi zafundisha? Mwaka 2015 taasisi tatu zilitoa kwa pamoja uchunguzi mkubwa juu ya shule za mtandaoni za mkataba nchini Marekani. Kituo cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford hakikulinganisha shule na shule. Kilimchukua kila mwanafunzi wa mtandaoni na kumtafutia wenzake wa madarasani wanaofanana naye: darasa lile lile, rangi ile ile, hali ile ile ya umaskini, na alama zile zile za mtihani uliopita. Kisha kikatazama baada ya mwaka nani amesogea wapi.

Matokeo yalikuwa mazito. Katika kusoma, mwanafunzi wa mtandaoni alibaki nyuma ya mwenzake kwa kiasi kinacholingana na siku 72 za masomo. Katika hisabati alibaki nyuma kwa siku 180. Mwaka mzima wa shule nchini Marekani ni takriban siku hizo hizo 180. Ni kana kwamba, kwa upande wa hisabati, mwaka ulipita bila ya mtoto kufundishwa. Na kwa kuwa walinganishwaji walifanana, haitoshi kusema kwamba shule hizi hupokea watoto dhaifu. Yawezekana wana majeraha ambayo vipimo havikuyaona, kama uonevu na maradhi, na wenye insafu wamelisema hilo. Lakini pengo ni kubwa mno kufunikwa na udhuru huo peke yake. Wafadhili wa uchunguzi, Walton Family Foundation, walikuwa wakizipenda na kuzisaidia shule za mkataba, na baadhi ya za mtandaoni walizifadhili wao wenyewe. Hawakuwa maadui wenye kutafuta kasoro.

Uchunguzi huo huo ulieleza na sababu. Mtoto katika shule ya kawaida ya mtandaoni hupata kwa wiki nzima muda mchache wa kufundishwa na mwalimu moja kwa moja kuliko ule ambao mwenzake wa darasani hupata kwa siku moja. Muda uliobaki ni yeye na kioo. Walimu wa sekondari za mtandaoni walikuwa na wastani wa wanafunzi 30 kila mmoja, ilhali katika shule za kawaida za umma ni 17. Na wakuu wa shule hizo walipoulizwa tatizo lao kubwa ni lipi, walijibu ni kumfanya mtoto ashughulike na masomo yake.

Mama zetu, jambo lifuatalo lawahusu nyinyi zaidi. Katika ngazi ya msingi, asilimia 78 ya shule hizo zilimtaka mzazi ashiriki katika ufundishaji wenyewe. Kwa madarasa ya kati zilikuwa asilimia 56, na kwa sekondari asilimia 43. Mzazi hupewa hata jina la msimamizi wa masomo. Nasi twajua katika nyumba nyingi mzazi huyo atakuwa nani. Karo haipo, lakini shule huchukua siku ya mama: ujira wake wa kazi, au mapishi yake na mtoto mchanga mgongoni. Tena uchunguzi uliona kwamba watoto wanaojifunza Kiingereza ni wachache sana katika shule hizi. Mama ambaye Kiingereza kwake bado ni kigumu ajiulize: shule isiyowazoea watu kama mimi itanisaidiaje kumsimamia mwanangu?

Majina daftarini

Columbus alikohamia mtoto wa mama yetu pana kisa kinachojulikana. Shule ya mtandaoni iitwayo Electronic Classroom of Tomorrow ilifunguliwa huko mwaka 2000, ikakua hadi ikawa miongoni mwa shule kubwa kabisa za namna yake nchini. Ilikuwa ikilipwa na jimbo kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Wakaguzi wa jimbo walipokuja kutaka ushahidi wa saa ambazo watoto walisoma kweli katika mwaka wa masomo wa 2015 hadi 2016, shule ilikuwa imedai wanafunzi zaidi ya 15,000. Ushahidi uliopatikana ulitosha kwa 6,300 na kidogo. Jimbo likadai kurudishiwa takriban dola milioni 60.

Shule ilijitetea mahakamani kwamba sheria ilitaka itoe nafasi ya kusoma, haikutaka ithibitishe kwamba mtoto alisoma. Tafakarini hoja hiyo. Mahakama Kuu ya Ohio iliikataa mwezi wa Agosti 2018, lakini shule ilikuwa imekwisha kufungwa tangu Januari, katikati ya mwaka, na watoto kama 12,000 wakabaki kutafuta pa kwenda. Wenye shule na jimbo walikuwa na mawakili wa kuwasemea. Baadhi ya watoto walilazimika kurudi katika shule walizozikimbia.

Yaliyotupata sisi

Ingekuwa rahisi kwetu kukunja uso juu ya Waohio hao. Lakini nasi tuna la kusema juu yetu wenyewe, na hatukuwahi kuliandika.

Mwezi wa Machi 2020, serikali ilipofunga shule zote nchini kwa ajili ya korona, vyuo na madrasa zetu zilifungwa pia. Sisi tukaona tusikae bure. Tulianza kufundisha kwa simu: sauti za somo zikitumwa asubuhi, na wanafunzi wakitakiwa kurudisha sauti zao jioni. Tulikuwa na majina 64 daftarini, na kila Ijumaa tuliwatangazia wazazi kwa furaha kwamba madrasa ina wanafunzi 64. Hatukudanganya. Majina yalikuwa 64.

Tulipofungua tena tuliwapima mmoja mmoja, magoti kwa magoti. Wavulana wengi walikuwa pale walipoachwa au mbele kidogo. Wasichana wengi walikuwa wamerudi nyuma, na baadhi yao walikuwa hodari kuliko wote kabla ya kufungwa. Tulimuuliza mmoja wao, binti wa miaka 11: sauti zetu ulikuwa ukizisikiliza? Akajibu kwa adabu, macho chini: “Maalim, simu ilikuwa ya kaka. Mimi nilikuwa jikoni na mama.” Tulimuuliza wa pili, kisha wa tatu. Nyumba zilikuwa tofauti, na jibu lilikuwa moja.

Miezi ile yote hatukuwahi kuliangalia daftari tukauliza: katika hawa 64, wasichana wangapi wamerudisha sauti? Tungeuliza swali hilo moja tu katika wiki ya pili, tungejua. Tulitazama jumla, na jumla ilitupendeza. Wale binti hatukuwatendea haki, na wazazi wao tuliwapa habari isiyo kamili. Ndiyo maana hatuwezi kucheka kinyota cha Wamarekani wala safu zao za makundi. Wao wana safu, ijapokuwa zina kasoro. Sisi hatukuwa nayo hata moja.

Maswali ya kuulizwa

Kwa hiyo tulimwandikia mama yetu maswali kwenye karatasi, amsomee mwanawe. Twayaweka hapa kwa yeyote anayefikiria shule ya namna hii, iwe ya ng'ambo au ya hapa kwetu.

La kwanza: walioanza mwaka walikuwa wangapi, na waliobaki hadi mwisho ni wangapi? Shule inayomwaga watoto kama kapu lenye tundu haina ya kujisifu kwa alama za waliobaki.

La pili: kwa wiki, mwanangu atakuwa mbele ya mwalimu aliye hai, anayeweza kumuuliza akajibiwa papo hapo, kwa saa ngapi? Jibu liwe kwa saa. Wakisema tu mtoto aweza kuandika wakati wowote, hilo si jibu.

La tatu: mtoto akinyamaza siku tatu, nani atajua, na atafanya nini? Shule ndogo hapa yaweza kuishinda kubwa. Mwalimu mwenye watoto 12 atamjua aliyepotea, ila awe amepewa kazi hiyo ya kumtafuta.

La nne: watoto wanaofanana na wangu, wenye lugha mbili nyumbani, wanaendeleaje? Ripoti ikiwa na kinyota, mkuu wa shule aweza kueleza kwa maneno bila kutaja jina la mtu. Na atupe miaka mitatu.

La tano: je, hapana njia ya kati, achukue somo moja au mawili kwa mtandao na mengine darasani?

La sita, na hili ni la shule anayotoka: je, uonevu umeandikwa? Huko, malalamiko ya maandishi yenye tarehe hujibiwa kwa namna ambavyo maneno ya ukumbini hayajibiwi. Mtoto akiondoka kimya, shule itabaki kama ilivyo, na mtandio wa pili utavutwa wa mtoto mwingine.

Jumapili

Jumapili ilipofika, mama alituita tuwepo. Kijana alisikiliza maswali yote kwa heshima, akayaandika. Alisema la sita hakulifanya. Aliona aibu ya Kiingereza chake mbele ya mkuu wa shule. Kisha akasema shule ile ndogo yaonekana ya watu wema, na sisi hatukuwa na sababu ya kumpinga.

Ndipo mama mtu akaichukua simu, akauliza swali ambalo halikuwamo katika karatasi yetu. Alimuuliza: “Na mkeo, arudi kazini saa ngapi?” Kijana akajibu kwamba mkewe yuko ghala la mizigo zamu ya asubuhi, hutoka alfajiri na kurudi alasiri, yeye mwenyewe huendesha gari la abiria na ratiba yake haina mpaka. Mama akanyamaza kidogo. Akasema: “Basi mwanangu, huyo mtoto hatasoma nyumbani. Atakaa peke yake. Kule shuleni akionewa yuko wa kumwona. Humo ndani nani atamwona?”

Wiki iliyofuata barua ya malalamiko iliandikwa, imamu wa msikiti wao akisaidia lugha, nayo ikapelekwa kwa mkono. Mkuu wa shule aliwaita wazazi. Msichana amehamishiwa darasa jingine ndani ya shule ile ile, pamoja na binti wawili wa Kisomali, na hisabati aliyokuwa nyuma amewekewa kwa mtandao jioni, babake akiwa kando yake siku anazoweza. Wamekubaliana kutazama hadi mwisho wa muhula. Tumbo bado humuuma baadhi ya siku. Tulimuuliza nyanyake Ijumaa iliyopita, akatuambia ni siku mbili kwa wiki, si tano tena.

Nasi katika daftari la madrasa yetu tumechora mistari miwili zaidi. Mmoja ni wa wasichana, mwingine wa wavulana, na kila Alhamisi twahesabu mbali mbali waliosoma, kisha twawasomea wazazi hesabu zote mbili. Alhamisi ya kwanza haikutupendeza. Mzazi atakaye kuliona daftari hilo aje baada ya Alasiri; lipo barazani.

Wabillahi tawfiq.